Homa Iliyorudi Bila Kikohozi

Korona ilipita nyumbani kwetu Ikutha bila kishindo. Mke wangu aliacha kusikia harufu, akaunguza ndengu jikoni asijue, mpaka nikamuuliza ule moshi ni wa nini. Mimi nilikohoa na kuumwa na mgongo. Binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, alipata mafua tu, akapenga kamasi siku mbili tatu, akarudi uwanjani kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake. Mama yangu, ambaye watoto humwita susu, alituchemshia majani ya mwarubaini tukajifukiza chini ya blanketi mmoja mmoja. Tukapona. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi.

Mimi ni mnunuzi wa mbuzi. Nanunua vijijini kwetu na kuwateremsha Kibwezi. Watu wa kazi yangu tunajua jambo ambalo wageni huwa hawaliamini: mbuzi wengi hawafi kiangazini, hufa mvua inapoanza. Mnyama amevumilia vumbi miezi yote, majani yameanza kuchipuka, mwenye mbuzi ameanza kupumua, kisha baridi ya mvua ya kwanza inamlaza chini asiinuke tena. Kwa mbuzi nilikuwa najua. Kwa watoto sikuwa najua.

Karibu mwezi ulikuwa umepita binti alipotoka shule akakataa chakula. Alisema tumbo linamuuma. Mama akasema ni minyoo. Kufikia kesho yake alikuwa na joto kali, anatapika, anaharisha. Hakuwa na kikohozi wala mafua, na hilo lilinifariji, kwa maana nilijiambia kwamba ule ugonjwa wa dunia tulishamalizana nao.

Kliniki ya sokoni walimpima malaria, hakuna. Wakatupa dawa ya taifodi, wakasema tukiona bado, twende hospitali. Joto lilishuka kidogo kila alipomeza dawa ya homa, kisha likapanda pale pale. Halafu mwili ukaanza kubadilika kipande kwa kipande. Vipele vyekundu vilitokea kifuani, vikashikana, vikaenea mapajani. Midomo ikakauka na kupasuka, ikawa myekundu kama ya mtu aliyekula damu. Ulimi ukatoka vichunusi. Viganja vilivimba hata mke wangu akashindwa kumvua bangili ya shanga, ikabidi aikate kwa wembe. Lakini kilichonitisha ni macho. Yalikuwa mekundu kabisa, pande zote mbili, na makavu. Hayakuwa na tongotongo hata kidogo.

"Asa," aliniita, hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita baba, "funga mlango. Jua linaniuma."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Mmoja alisema ni surua, mwingine akasema amewahi kuona mtoto wa namna hiyo, kisha akaanzisha wimbo kabla hatujamuuliza. Mchungaji alipiga magoti pale kando ya kitanda, akaomba kwa muda mrefu. Aliposimama alipangusa vumbi kwenye suruali akaniangalia.

"Mzee, tumeomba. Sasa mpeleke hospitali. Mungu atatupata hata tukiwa barabarani."

Mke wangu alikuwa ananyonyesha mtoto wetu mdogo, kwa hivyo niliondoka mimi. Jirani alitoa pikapu tuliyokuwa tunabebea mbuzi, akaosha sehemu ya mbele haraka haraka, tukateremka kuelekea Kibwezi. Nilimpakata binti. Kifua chake kilikuwa cha moto mpaka shati langu likalowa jasho, lakini nilipomshika vidole, vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Tulipokuwa tunavuka daraja la Athi nilimwonyesha maji. Hakugeuza kichwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole. Alimbonyeza tumbo, binti akalia. Mwenzake akasema huenda ni kidole tumbo, waite mtu wa upasuaji. Daktari hakubisha. Alimfunua macho, akamtazama ulimi, akambonyeza ukucha na kungoja rangi irudi. Ilichelewa. Ndipo akaniuliza jambo ambalo niliona halihusiani.

"Baba, mwezi uliopita hapo nyumbani kuna mtu aliugua homa au kikohozi?"

"Sisi wote. Lakini tulipona."

"Na mtoto?"

"Mafua tu. Hata hakulala kitandani."

Aliweka kalamu chini. Kuna wakati unaona uso wa mtu ukifunga hesabu, na wewe hujaambiwa jibu.

"Inatokea kwa watoto wachache baada ya korona," alisema. "Virusi vinaweza kuwa vimeshatoka. Lakini askari wa mwili walioitwa kuvipiga hawajarudi kambini. Sasa wanapiga nyumba yenyewe."

"Nyumba gani?"

"Ngozi, tumbo, macho. Ninachohofia mimi ni moyo."

Walimtoa damu, wakamtundikia maji kidogo kidogo, wakatupakia kwenye ambulensi kwenda hospitali kubwa zaidi, yenye mashine ya kupiga picha ya moyo. Huko binti alipakwa mafuta baridi kifuani na kijana wa mashine akaanza kutazama kioo. Alikuwa akiongea nami habari za bei ya mbuzi. Ghafla akakiondoa kifaa chake kifuani. Akatoka, akarudi na mwingine, wakasimama wawili wakitazama kitu kile kile.

Daktari wa watoto alikuja kunieleza. Moyo unasukuma, lakini umechoka. Na mshipa mmoja unaolisha moyo wenyewe umeanza kupanuka. Wataanza na dawa ya kutuliza uvimbe kupitia mshipa, kisha kuna dawa nyingine inayotengenezwa kutokana na damu ya watu wanaojitolea. Hawakuwa nayo. Ilikuwa imeagizwa kutoka Nairobi, ingekuja kwenye sanduku la barafu.

"Si mumpe maji?" niliuliza, maana midomo ilikuwa inatoka damu. "Mtoto ana kiu."

"Tukimpa mengi kwa mara moja, huo moyo utazama."

Nilikuwa mwanamume peke yangu katika wodi ya watoto. Kina mama walinizoea. Walinionyesha pa kufulia, na namna ya kumgeuza mtoto mwenye dripu bila kuvuta mpira. Jirani yetu wa kitanda alikuwa mama Msomali, ambaye mumewe ana duka Kibwezi na ng'ombe kaskazini. Mtoto wake alikuwa na nimonia. Aliona nywele za binti yangu zimeshikana kwa jasho, akaniambia nizisuke, zitamchoma. Nikajaribu. Aliangalia kazi yangu akafunika mdomo kwa mtandio.

Adhuhuri moja, kabla dawa haijafika, mashine iliyokuwa ikihesabu mapigo ilianza kulia tofauti. Wauguzi walikuja wakikimbia, wakavuta pazia. Nilisukumwa taratibu mpaka dirishani. Huko nje mtu alikuwa anaanika mashuka kwenye seng'enge, moja baada ya jingine, akiyanyoosha vizuri kwa viganja, na nilimchukia mtu yule kwa utulivu wake.

"Kaa hapa, ndugu," mama Msomali aliniambia. "Usitazame pazia. Pazia halikuambii kitu."

Alinipa chai yake. Niliishika mpaka ikapoa. Pazia lilipofunguliwa, binti alikuwa na mirija mingi zaidi, na alikuwa anapumua. Walikuwa wamemwekea dawa ya kusaidia presha, ambayo ilikuwa imeanguka.

Sanduku lilifika kabla jua halijashuka. Ile dawa ilidondoka polepole sana, muuguzi akimpima joto na presha kila mara. Mimi nilikaa tu nikifikiria wale watu ambao sikuwajua, waliolala mahali fulani wakatoa mkono wao.

Asubuhi mwili wake ulikuwa wa baridi. Niliruka, nikadhani ni ule ubaridi mwingine. Muuguzi akacheka. "Ni homa imetoka, baba." Jioni yake binti alijigusa kichwa, akapapasa zile nywele, akasema neno lake la kwanza refu tangu tuingie.

"Asa, nani amenisuka vibaya hivi?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ningependa kuishia hapo. Lakini tulikuwa tumebakisha siku chache kuruhusiwa nyanya mmoja alipoingia na mjukuu wake, msichana aliyekuwa mkubwa kidogo kuliko wangu. Alikuwa amembeba mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilikuwa mirefu ya kuburuta. Kabla muuguzi hajafika, niliyaona macho. Mekundu, makavu. Nikatazama midomo, nikatazama viganja.

"Susu, ameugua tangu lini?" nilimuuliza.

"Kitambo. Tulisema ni surua, ngoja imalizike kutoka."

"Na nyumbani mlikuwa na kikohozi?"

"Kilipita. Tulipona sote."

Nilimshika muuguzi mkono, jambo ambalo halifai, nikamwambia. Alikuwa ameshaona. Walifanya haraka, walifanya kila kitu nilichokuwa nimekiona wakifanya kwa wangu. Kesho yake mchana kile kitanda kilikuwa kitupu, godoro limeegemezwa ukutani, na sakafu inanuka dawa ya jiki.

"Amerudi kwao?" binti yangu aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Nikamgeuza atazame dirishani.

Tulirudi nyumbani na vidonge vidogo vya kumeza kila siku, na amri kwamba asikimbie mpaka watakapotuambia. Alikaa kando ya uwanja miezi hiyo, akiwashikia wenzake sweta wanapocheza kati. Tuliteremka kliniki ya moyo tena na tena. Mshipa ulirudi hali yake polepole, mpaka siku moja daktari akageuza kioo nione mwenyewe, ingawa sikuelewa nilichokiona. "Uko sawa," alisema. "Lakini msipotee. Tutaendelea kumwangalia."

Sasa ni msichana mrefu, anakimbia mashindanoni kwa niaba ya shule yake. Hukumbuka ndizi za hospitali tu, na yule mama wa mtandio. Kitanda cha upande wa pili hajawahi kukitaja, nami sijamuuliza.

Mafua yakiingia nyumbani, mke wangu hulala macho wakati wa kikohozi. Zamu yangu huanza baadaye, wote wanapokuwa wamepona na chupa za dawa zimeshatupwa.

Mwezi uliopita mafua yalitoka shuleni yakatuzungukia wote, yakaisha. Leo asubuhi mdogo wake, yule aliyekuwa wa kunyonya, amesukuma kikombe cha uji. Anasema tumbo. Ana joto. Hakohoi. Mama yangu anasema ni minyoo, na huenda ni kweli, au ni malaria, maana mvua zimenyesha. Mke wangu amekwisha kumvalisha viatu, na mimi nimempigia jirani simu alete pikapu.