Farasi Aliyepunguziwa Uzito

Kila asubuhi, kabla jua la Voi halijaanza kuchoma mabati, mimi huketi mezani na kuwahukumu farasi ambao sijawahi kuwaona. Ndiyo kazi yangu. Tovuti moja ya ng'ambo hunitumia orodha ya mbio za kesho, nami huandika maneno machache juu ya kila farasi: ameshinda mara ngapi, anapenda uwanja mkavu au wa matope, na mwisho kabisa, ana nafasi au hana. Wanaosoma ni watu wa huko wanaocheza kamari. Hawajui kwamba mshauri wao anaishi mahali ambapo mnyama mkubwa wa kupita karibu na nyumba ni ndovu, na ndovu hashindani na mtu.

Zamani nilikuwa mwalimu. Shule ya binafsi niliyofundisha ilipofungwa, nilipata kazi hii kwa kuandika sampuli mbili na kudanganya kidogo kuhusu uzoefu wangu. Nilijifunza nikiwa ndani, kama mtu aliyetupwa mtoni.

Mbio zinazonitesa zaidi ni zile za viunzi zenye kupangiwa uzito. Farasi hukimbia maili mbili au tatu akiruka vizuizi vya fito, na kila mmoja hubebeshwa uzito kulingana na uwezo wake. Akishinda, wakubwa wa mbio humwongezea ratili kadhaa, vipande vya madini ya risasi vikatiwa kwenye mifuko ya tandiko lake. Akishindwa mara kwa mara, humpunguzia. Wanasema hiyo ndiyo haki, ili wote wafike mwisho wakiwa karibu karibu. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya Kitaita. Kanuni hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mama alipofariki, wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni, na karo ikawa yangu. Walipomaliza, ikaja nyumba ya Baba kule Wundanyi, paa lilikuwa linavuja. Baada ya paa, nikawa mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi na kila kamati ya harusi ya ukoo, kwa sababu niliendesha ya kwanza vizuri. Kosa langu lilikuwa hilo, kuiendesha vizuri. Sasa nina miaka arobaini na saba, wanangu watatu wanasoma, na nikiketi tu pahali natafuta ukuta wa kuegemea.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliwapenda sana farasi waliopunguziwa uzito. Kwetu milimani mtu akitua mzigo hupumua, hunyoosha mgongo, na njia iliyobaki huwa fupi. Basi nikiona farasi ametolewa ratili kumi, niliandika kwa furaha: huyu sasa ni mwepesi, mtaona. Wakafika wa mwisho mmoja baada ya mwingine. Mhariri akaniandikia barua pepe ya mistari miwili, na wa pili haukuwa wa heshima.

Nilimsimulia Baba kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Baba alikuwa mtu wa mifugo serikalini, akichanja ng'ombe na kutibu punda. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa upande wa Taveta, kule Mboghoni, ambako punda walivuta mikokoteni ya ndizi na nyanya kutoka mashamba ya mifereji. Nyumbani tunaongea Kidawida, lugha yetu Wataita, lakini mambo ya kazi Baba huyasema kwa Kiswahili, kama alivyozoea ofisini.

"Mwenye punda hapunguzi magunia kwa huruma," aliniambia. "Akipunguza, ameona kitu. Mguu, ama pumzi, ama punda mwenyewe amekata tamaa. Wewe usiulize amepunguziwa ngapi. Uliza aliyepunguza ameona nini."

Tangu siku hiyo tukawa tunafanya kazi pamoja. Saa mbili asubuhi nampigia, namsomea farasi mgumu wa siku, naye anauliza maswali yake. Ana miaka mingapi? Alipumzishwa muda gani? Akitoka mbioni anakula? Hilo la mwisho siwezi kujua, na kila mara namwambia siwezi kujua, na kila mara ananung'unika kwamba watu wa huko wanaandika kila kitu isipokuwa cha maana. Bila yeye ningeshafukuzwa.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Baba aliteleza kwenye njia inayoshuka shambani kwake, goti likaumia vibaya. Daktari alisema asipande wala kushuka mlima tena, na nyumba yake imekaa mlimani kiasi kwamba hata kwenda chooni ni safari. Hawezi kuishi pale peke yake. Dada yangu, ambaye anauza nafaka Mwatate, akaitisha kikao cha familia siku ya Jumamosi ili tuamue Baba ataishi kwa nani.

Hakukuwa na cha kuamua. Kila mtu alijua ni kwangu. Dada ameolewa, na kwetu mzee mwenye wana wawili wa kiume akienda kuishi kwa mkwe, habari hiyo inafika sokoni kabla yake. Mdogo wangu wa kiume amepanga chumba kimoja Mombasa. Mimi nina vyumba viwili Voi, joto lisilopumzika, maji yanayokuja yakitaka, na mke muuguzi ambaye akitoka zamu hana nguvu ya kuvua viatu.

Sikutaka Baba aje. Naandika hivyo bila kupamba. Nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na sikutaka. Kila nilipofikiria kumwamsha, kumwogesha, kumpeleka kliniki, niliacha nilichokuwa nikifanya nikaketi. Wiki ile nilimwomba Mungu amfanye asije kwangu, kisha nikaona aibu, kisha nikaomba tena.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nililetewa farasi wa hudhurungi wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameshinda sana ujanani. Sasa alikuwa hajashinda kwa misimu miwili, na walikuwa wamempunguzia mpaka akabeba uzito mdogo kuliko wowote aliowahi kubeba. Wacheza kamari walimpenda kwa ajili hiyo. Mhariri alitaka makala ndefu. Nikampigia Baba.

"Mara ya mwisho alianguka?" aliuliza.

"Hapana. Alifika wa saba. Alianza kulegea kabla ya kiunzi cha pili kutoka mwisho."

"Na mara ile ya kabla?"

Nikatazama rekodi. "Palepale. Mara nne zote, palepale."

"Basi si mguu. Mguu ungeuma popote. Huyo anafika hapo na ndani hamna kitu." Nilisikia akijigeuza kitandani, akiguna kwa ajili ya goti. "Hata wakimtolea tandiko lenyewe. Andika hana nafasi."

Niliandika. Nilidhani amemaliza, lakini hakukata simu.

"Na wewe unalala?"

"Nalala, Baba."

"Mke wako anasema hulali."

"Baba, nina kazi hapa."

"Haya," alisema, akakata.

Ijumaa jioni farasi yule aliongoza vizuri mpaka kiunzi cha pili kutoka mwisho, kisha wengine wakampita kama amesimama. Mhariri akanipongeza. Sikufurahi. Nilifunga kompyuta nikaenda kukunja nguo za watoto ili kona moja ya chumba chao ibaki wazi, kitanda cha Baba kipate pa kukaa.

Jumamosi Wundanyi ilikuwa baridi, ukungu umeketi juu ya mashamba ya kabeji. Dada alikuwa ametangulia, amepika kimanga cha mihogo na maharagwe ya kuponda, na chai. Mdogo wetu alifika kutoka Mombasa amevaa fulana, akitetemeka, tukamcheka. Baba alikaa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Tukaomba, tukala, na vyombo vilipotolewa nikaanza kusema, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimejipanga. Nilisema Baba atakuja Voi, kitanda kipo, mke wangu amekubali, watoto wanamngoja. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Hata mimi ilinishangaza.

"Mimi siendi Voi," Baba alisema.

Nilimgeukia dada; alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Naenda Mwatate kwa dada yenu. Tumeshaongea na yeye na bwanake. Na hizi kamati zenu, michango, sijui mazishi ya nani, huyu mdogo atafanya. Ni mtu mzima."

"Baba, watu watasemaje?" niliuliza. "Una wana wawili."

"Wacha waseme. Mdomo si wao?"

"Kaka, usikasirike," dada aliniambia kwa upole. "Ni Baba alinipigia. Alipiga Alhamisi."

Nilikasirika. Nilisimama, nikasema mimi sijawahi kushindwa na jambo lolote la familia hii, na kama kuna mtu amesema nimechoka, aseme mbele yangu. Sauti yangu ilipasuka katikati. Mdogo wangu alitazama sakafu, na kwa jinsi alivyoitazama nikajua walikuwa wameniona kitambo, wote, na walikuwa wamenihurumia pasipo kuniambia.

Baba akaomba aongezewe chai.

Mchana gari la kukodi lilikuja. Dada akaingia ndani kufunga madirisha, mdogo wetu akabeba godoro, nami nikamshika Baba kwapani tukateremka ngazi moja moja. Amekuwa mwepesi, sikujua. Nilimkalisha kiti cha mbele, nikainama kumpangia mguu. Uso wangu ukawa karibu na wake, na nikashindwa kuendelea kuubeba uongo ule.

"Baba," nilisema kwa Kidawida, "mimi niliomba usije kwangu. Niliomba kwa Mungu, wiki nzima."

"Najua," alisema. "Nilitaka usilazimike kulisema."

Akanipigapiga shavuni, mara mbili, kama nina miaka sita. Nikafunga mlango polepole, nisije nikamgonga goti.