Injini Mbili Zinazofanana

Fundi wa vyuma chakavu kule Nebraska huzitambua injini kuukuu za dizeli kwa mlio. Mbili hizi ni kama mapacha, ila moja hupasuka ubavu baridi ikiingia. Amepangusa mikono pajani, akaiinamia moja iliyowashwa, macho kayafumba kwa uchovu. Verna, mkulima aliyekuja kununua, anataka iliyo imara. Mahindi yake yangali shambani na theluji i njiani.

“Ukikosea, mzee, nitakuja kula kwako mpaka masika.”

“Kelele, binti! Sikia inavyokohoa. Hii ndiyo mbovu.”

Verna akatazama feni. Ilikuwa imesimama, injini ilishajizima kitambo. Alichukua tambara, akafuta grisi ubavuni mwa injini aisome mwenyewe namba inayozitofautisha, polepole, kama mtu anayesafisha tu.