Hekalu la Babu Mistri

Sisi tuliokulia ughaibuni, Southall, miaka ya tisini, jamani, tulicheza! Tuliruka kamba nje mpaka mama zetu watuite kwa majina yote matatu, na ukirudi na goti limechubuka unaambiwa ushukuru hukuvunjika. Watoto wangu leo, intaneti ikikatika dakika tano tu, nyumba nzima ni kilio.

Mimi nilishinda uani kwa jirani yetu, Babu Mistri, Mhindi, lakini mzaliwa wa Unguja kama mama yangu. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Ujanani alikwenda India, akawa fundi wa mawe, akahamisha na wenzake hekalu la kale lililokuwa lizamishwe na bwawa. Kila jiwe lilipewa namba, likapandishwa kilimani, likajengwa upya. Hekalu lile alilichonga tena hapo uani, dogo, urefu wangu: ngazi, nguzo zenye wanawake wanaocheza ngoma, na kilele cha tabaka juu ya tabaka. Alinipa ladu, vitamutamu vya Kihindi, nikakaa kumtazama akigonga tindo.

Nilipokuwa na miaka minane mwanawe akaamua kumhamishia Leicester. Nikiwa skuli, Babu akalibomoa hekalu lake, huku akiandika namba kwa chaki kwenye kila jiwe, namba za Kigujarati.

Niliporudi alikuwa amekwenda kuaga watu. Nikayakuta mawe kwenye nyasi, yana vumbi, yamechorwachorwa. Mama alitufunza kwamba kitu cha ibada, chetu au cha wenzetu, hakiachwi kichafu. Nikaleta ndoo, sabuni na brashi, nikayasugua yote mpaka mikono ikaniwasha.

Babu alirudi, akaketi palepale kwenye nyasi.

"Umeosha vizuri, mjukuu wangu," alisema.

Nilishakuwa mtu mzima mjukuu wake halisi aliponieleza nilichofuta. Kila kiangazi huko Leicester Babu alijaribu kulisimamisha hekalu. Ngazi zilikubali, nguzo zikakataa, na macho yake nayo yakawa yanafifia. Alifariki mawe yakiwa rundo chini ya turubai. Nililia, wallahi, kama aliyefiwa na babu yake wa damu.

Wanangu huniuliza, kwa Kiingereza chao, kwa nini hakupiga picha kabla ya kubomoa. Wao hata sahani ya biriani huipiga picha kabla ya bismillahi. Nawajibu kwamba enzi zetu mtu aliweka vitu kichwani. Nisichowaambia ni kwamba siku ile, kwa furaha ya kusifiwa, nilimuuliza Babu ataniita lini Leicester nikalione limesimama.

"Karibuni hivi," alinijibu, akanifuta povu mashavuni.