"Mama" wa mchumba wa binti yangu alipoongea kwa sauti ya kiume

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu, amani iwe kwenu. Mvi zimeshanizoea, sina faida ya kuwadanganya. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Johannesburg.

Nafundisha watoto Kurani hapa Fordsburg. Asili yangu Tunduru, ni Myao. Alhamdulillah, Mungu kanipa binti mmoja, Zuhura, kazaliwa huku huku. Kiswahili anakisikia, ila kujibu anachanganya na Kiingereza au Kizulu.

Mwaka jana akaleta habari ya Fadli, Mwindonesia, mpishi wa mgahawa wa jirani. Mpole, msikitini safu ya mbele, na nyama yake ya nazi ukiionja unaomba tena.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Wema ukizidi, mtu mzima hujiuliza umefunika nini.

Nikamwambia alete wazee wake tuzungumze.

"Mzee, mamak wangu ndiye msemaji wetu," akanijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Tumpigie simu."

Nikasema sawa, mama ni mama. Mama Zuhura akajifunga kanga mpya kabisa, aongee na mkwe mwenzake.

Simu ikapokelewa. Likasikika dume la sauti nzito, linakohoa.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Ndiye mamak, mzee."

Mama Zuhura akakata simu. "Baba Zuhura, mama huyu ana ndevu!"

Wakuu, Joburg mnaijua. Wangapi wameposa huku na kwao wana wake na watoto? Nikaona wazi, mama mzazi hana habari, kijana kakodi mtu. Tena mwongo mvivu, kashindwa hata kukodi mwanamke.

Sikumfokea. Nikaenda kwa Pak Ridwan, Mwindonesia mwenye duka la mitandio, tunaswali naye. Bila kumtaja mtu nikamuuliza, kwenu mamak ni nani?

Akacheka. "Mama mzazi, Mwalimu! Wangu yuko Medan, kila akipiga ananiuliza nitarudi lini."

Basi, kesi imekwisha. Nikamwambia Zuhura hakuna ndoa.

Hakulia. Alisema tu, "Baba, si unatufundisha mashahidi ni wawili? You have one."

Neno likaniuma, maana ni langu.

Nikawaita Fadli na Pak Ridwan sebuleni baada ya Alasiri, simu katikati, sauti tukaifungulia. Fadli akaanza kuongea na lile dume. Mimi jicho kwa Pak Ridwan. Namuona anakunja uso.

"Mwalimu, napata nusu nusu. Hiki si Kiindonesia."

Moyoni nikasema, umepatikana leo!

Mara yule mzee akabadili lugha, akashika Kiindonesia, na Pak Ridwan uso ukafunguka, akaanza kunitafsiria. Kumbe, wakuu, nchi ile ina mamia ya lugha, na kila kabila na mila zake. Kiindonesia ni cha kukutania, kama Kiswahili kwetu. Fadli ni Mminangkabau. Kwao Pak Ridwan, huko Medan, mamak ni mama. Kwao Fadli, kisiwa kile kile cha Sumatra, mamak ni kaka wa mama.

Mjomba! Ukoo wao unafuata mama, na mjomba ndiye msimamizi wa mpwa.

Sijameza hilo, mzee akauliza jambo. Pak Ridwan akasita.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema, msemaji wenu ni baba tu? Mjomba wa binti yuko wapi? Juzi mlimkatia simu. Anahofia binti hana watu, mnataka kumlaghai mpwa wake."

Mama Zuhura akaangua kicheko. "Na wewe ni Myao! Ulipokuja kuniposa uliongea na nani? Si kaka yangu?"

Eish. Walii wa binti ni baba, dini haijabadilika. Lakini nyumba ya Myao nayo ina mlango wake, na mlango huo ni mjomba. Namshukuru Mungu aliyenichelewesha nisimfukuze kijana wa watu.

Nilichojifunza: ukisikia kwa mgeni neno unalolijua, usijijibu mwenyewe. Muulize yeye, maana hata jirani yake anaweza kukupoteza.

Sasa nimempigia shemeji yangu Tunduru, mjomba wa Zuhura, aongee na mamak. Jibu lake la kwanza: "Shemeji, hao watu una uhakika nao kweli?"

Wenye uzoefu wa kuozesha mbali, leteni maneno. Shemeji anasubiri nimjibu.