Bakuli la Mvua ya Kwanza

Lanzhi alikaa juu ya kizibo cha tangi, mvua inamchapa, na sote tuliokuwa pale tulitamani kumng'oa. Wa kwanza mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Sioni haya kusema.

Mvua hatukuwa tumeiona tangu Mwaka Mpya. Nyumba kumi na moja, tangi moja la ardhini, na maji yake ni yale yanayotiririka kwa mtaro kutoka uwanja wa kupuria ngano. Mvua ile ikikatika tangi likiwa tupu, basi tena: ni kuteka bondeni na punda mpaka vuli, nusu siku kwenda na kurudi. Naye Lanzhi angenyang'anywa ufunguo wa tangi. Mkuu wa kijiji alishasema.

Ufunguo huo alipewa alipotoka mafunzoni wilayani. Wiki mbili, wanawake peke yao, wanafundishwa kusakafia tangi, kuchimba choo mbali na maji, kuongoza kikao. Tulimwita Mhandisi, kwa kumcheka. Akarudi na sheria moja iliyotukera: maji ya kwanza yaoshe uwanja, yaende zake, tangi likiwa limezibwa. Mwaka jana watoto wetu waliharisha damu, akasema, na uchafu tuliutia tangini kwa mikono yetu.

Mkwewe, mzee Geng, akaja na jembe begani.

"Toka hapo, wewe."

"Bado, Baba."

"Bado nini? Mvua inakusubiri wewe? Wiki mbili tu za kusoma, umerudi na wazimu."

"Fungua, Lanzhi," nikapaza sauti. "Ikikatika, utatutekea wewe?"

Lanzhi akainama. Akachota maji ya mtaroni kwa bakuli jeupe, akayatazama. Mvua ilianza kupungua.

Mzee akainua jembe kung'oa kizibo. Lanzhi akamkabidhi bakuli kwa mikono miwili, kama anavyomkabidhi chakula kila siku.

"Kunywa, Baba. Ukimaliza, nafungua."

Mzee alichungulia. Maji meusi, mavi ya kondoo yanaelea. Akalipeleka mdomoni, akalishusha. Kunywa hawezi. Kumwaga ndiyo hawezi kabisa: kwetu vilimani maji ya kunawia uso huoshewa miguu, kisha hupewa nguruwe, na mzee huyu alishawahi kumpiga mkewe kwa kumwaga kata moja. Akasimama na bakuli lake, jembe limeanguka, mvua ikimdondoka kidevuni.

Kisha akaligeuza. Maji yakamwagika chini, mbele yetu sote, na mzee akafumba macho kama aliyechomwa mwiba.

"Chota tena," akamwambia Lanzhi.

Bakuli la pili lilitoka na maji ya udongo. La tatu, kitako cha bakuli kikaonekana kupitia maji. Lanzhi akang'oa kizibo na maji yakaingia kwa kishindo.

Mvua ilidumu muda wa kuchemsha tambi, ikakatika. Tulipoteremsha ufito wa kupimia kina, maji yalifika usawa wa kiuno tu. Nikalipuka. Nusu ya maji yetu imepotea, nikasema, hivi hivi, kwa ukaidi wa mwanamke mmoja.

Mzee Geng akaokota bakuli, akanisogezea.

"Yale ya kwanza bado yametuama mwisho wa mtaro, mama," akasema. "Nenda ukawachotee wajukuu zako."

Nikalishika lile bakuli. Sikwenda.