Wozny na Mgeni wa Machi

Garrett Wozny alikaa jirani yangu miaka tisa, na miaka yote hiyo sikuona gari la mgeni mlangoni kwake. Wazazi walishakufa, mke hakuoa. Kazi yake katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji wetu, hapa kando ya Ziwa Erie, ilikuwa kusimama mbele ya mrusha mpira na kupokea vishindo vya majitu ili mwenzake asiguswe. Msimu ukiisha, wachezaji wote hukimbilia Florida kwenye joto. Yeye alibaki akiondoa theluji, yake na yangu, akingoja warudi. Nilipomsumbua atafute mke, alinijibu, "Mzee, mimi nina ndugu hamsini kule kwenye chumba cha kubadilishia nguo."

Sasa, ligi huiwekea kila timu kikomo cha mishahara. Tajiri hata awe na pesa za kumwaga, havuki. Mwezi wa Machi, wachezaji waliomaliza mikataba wakiwa huru, timu zinahangaika kupata nafasi chini ya kikomo hicho. Ni kitanda cha wawili. Wa tatu akipanda, kuna atakayelala sakafuni. Baa nzima hugeuka wahasibu, nami sikosi. Machi ile tulimtaka mdakaji pasi mmoja mwenye mbio, Tavaris Ledbetter.

Viongozi wakamwomba Wozny amkirimu mgeni, maana hakuna aliyeupenda mji huu kama yeye. Jamaa alifurahi mno, hata akaja kuniuliza avae shati gani. Akampeleka kula pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, akamwonyesha ziwa lililoganda, akamwambia hatajuta, watu wa hapa wakikupenda wamekupenda. Kesho yake Ledbetter akasaini. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka.

Asubuhi iliyofuata timu ikamwacha Wozny. Mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja usio na dhamana ya malipo, na kuufuta ndiko kulikomtengea mgeni nafasi. Mkubwa mmoja alimpigia simu, akamshukuru, akakata. Asante ya punda ni mateke, sikuanza kuijua leo, lakini hii iliniuma. Kumtuma mtu akamlainishe mgeni wakati unamtoa yeye! Wozny alikuja kwangu, akaketi jikoni na koti lake, mtu mkubwa kama mlango, hajui aweke wapi mikono. Habari ilikuwa bado haijatangazwa. Nikampashia supu.

Simu yake ikalia. Niliona uso wake ukichangamka. Nadhani alitumaini wamebadili mawazo. Alikuwa Ledbetter. Wozny akafungua spika, akaiweka simu mezani, nami nikasikia.

"Kaka, huko simjui mtu ila wewe," kijana alisema. "Nimewaomba wanipe kabati la nguo lililo jirani na lako."

Nilidhani atamtukana, na ningekuwa mimi ningemtukana.

"Omba langu," akasema. "Lipo karibu na bomba la joto."

"Na wewe je?"

"Nitapata pengine. Sikiliza. Alhamisi wenzangu wa mstari wa mbele huwa wanakula pamoja. Watakualika."

Ledbetter akauliza kama naye atakuwepo.

"We nenda tu," Wozny akasema. "Usikae nyumbani peke yako."