Mto Uliovalishwa Nguo za Jumapili

Anyelwisye alimaliza darasa la saba, akauza mahindi mpakani Tunduma, kisha akapata kibarua cha kumbebea vifaa mpiga video wa harusi. Tangu utoto alikuwa mtu wa haya. Nyuma ya kamera alipumua, maana huko hakuna anayekutazama. Miaka ikapita, akanunua kamera yake, na harusi nyingi za mjini zikawa zake.

Aliyemtoa harusini ni dada yake, Priska, aliyeolewa kijiji kimoja upande wa Ihanda.

"Kaka, mto wetu unanuka," alimwambia kwenye simu.

Kila msimu wa mavuno, mashine ya kikundi cha wakulima ya kumenya kahawa ilimwaga maji yake machafu mtoni, na watu wa kitongoji cha chini, Priska akiwemo, walikunywa humohumo. Priska alitaka kijiji kichimbe mashimo ya kupokea uchafu ule. Alishasema misimu mitatu, maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Sasa mkutano wa kijiji ulikuwa umebakiza wiki mbili, naye alitaka watu waone kwa macho.

Anyelwisye akafanya kama alivyozoea: akampa taarifa mapema mwenyekiti, Isaka, ili watu wajiandae. Wakajiandaa kwelikweli. Alikuta mashine imezimwa tangu juzi, kingo zimefyekwa, kina mama wamevaa vitenge vipya, kwaya imejipanga juu ya mawe. Maji yalikuwa yanang'aa. Naye, mkono ukafuata mazoea, akaanza na kwaya, akamalizia na Isaka akipunga mkono.

Nyumbani mkewe, Fides, alitazama mpaka mwisho, akaangua kicheko.

"Baba Irene, umepiga harusi ya mto! Bibi harusi kapendeza. Sasa hao watu watachimba shimo la nini?"

Anyelwisye akaifunga kamera. Picha ile ikionyeshwa, Priska ataonekana mwongo mbele ya kijiji kizima.

Kesho yake akarudi bila taarifa. Siku nne alichuma kahawa pamoja na watu, kamera ikiwa kikapuni. Mwanzoni kila alipoitoa walijiweka sawa na kufunga vilemba upya. Siku ya tatu wakamchoka, wakaendelea na mabishano yao. Ndipo, mashine ikiwa imewashwa tena, akapiga picha za povu la kahawia, maganda yaliyonasa kwenye mizizi, na Priska akinusa ndoo, akiimwaga, akipanda kilima kutafuta chemchemi.

"Sema neno, dada."

"Niseme nini? Kahawa yangu nayo imepita kwenye mashine ile. Uchafu huu na mimi nimo."

Mkutano ulifanyika ghalani mchana, milango imefungwa ili picha ionekane kwenye shuka jeupe. Povu lilipotokea, Isaka alisimama.

"Shemeji, tumekupokea kwa kwaya, wewe unatuvua nguo?"

Anyelwisye alijikunyata nyuma ya projekta. Priska aliinamisha kichwa.

"Rudisha hapo kwenye povu," mtu akasema. Alikuwa Watson, mwendesha mashine. Akasogea hadi karibu na shuka. "Hiyo ni asubuhi? Basi jioni ni mara mbili. Mwenyekiti, mimi niko juu kule miaka sita, sijawahi kushuka huku chini hata siku moja."

Isaka alitazama shuka, akamtazama Watson.

"Hata mimi, isipokuwa siku ile ya kwaya," akasema, akakaa. "Rudisha tena."

Walitazama mara tatu. Kisha wakakubaliana mashine isiwashwe mpaka mashimo mawili yachimbwe, kila kaya ilete jembe.

Shimo la kwanza lilifurika wiki ya pili, mto ukanuka tena siku mbili, na Watson akatukanwa sana. Wakachimba la tatu. Mwisho wa mwezi Priska alishuka na ndoo, akachota, akanusa, akanusa tena kama asiyeamini, akajitwisha na kuelekea nyumbani. Anyelwisye alikuwa ng'ambo ya mto, ameinama nyuma ya kamera, na hakuna aliyegeuka kumtazama.